Damu Iliyosomwa Baada ya Mbio

Jumatano, tarehe 9 Juni 2083. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa la kambi, na manyunyu yalianguka taratibu bila upepo. Baridi ya nyanda za juu za Mbulu iliuma masikio.

Wasichana walirudi kutoka mbioni huku mvuke ukiwatoka mabegani. Wakapanga foleni mbele ya mashine iliyosimama mlangoni mwa bwalo. Jina lake rasmi lilikuwa Kisomadamu. Wao waliiita Shangazi, kwa sababu ilijua mambo yao ya ndani na haikuona haya kuyasema mbele za watu.

Kisomadamu kilifanya kazi hivi. Msichana aliweka kiganja juu ya kioo, na mwanga mwembamba ukapenya ngozi na kusoma damu bila sindano. Ulisoma akiba ya madini ya chuma, yaani lile ghala ambalo mwili hulitegemea kutengeneza damu nyekundu inayopeleka hewa kwenye misuli. Ghala likionekana kupungua, mkono wa mashine ulitia kipimo cha madini hayo kwenye kikombe cha chai ya maziwa, na msichana akanywa papo hapo. Tangu Kisomadamu kifike, muuguzi wa kambi alikuwa amehamishiwa kwingine na sindano zake zikafungiwa kabatini.

"Tausi Mkude," sauti ya mashine ikasema. "Ghala limejaa. Leo huna dawa."

"Nimejaa hadi pasipotakiwa!" Tausi akajibu, akajipiga nyonga. Wenzake wakaangua kicheko. Tausi alikuwa mrusha tufe kutoka Morogoro. Yeye hakukimbia milimani. Mazoezi yake yalikuwa kunyanyua vyuma alasiri, na asubuhi alikuja pale kwa ajili ya kifungua kinywa tu. Hata chai hakuipenda. Siku za dawa aliomba yake iwekwe kwenye juisi ya mapera.

"Epifania Margwe. Ghala limejaa. Nguvu ipo."

Epifania aliondoa kiganja kiooni. Alikuwa mkimbiaji wa mita elfu kumi, binti mwembamba ambaye mwaka uliopita hakuna aliyemkaribia kambini. Asubuhi hii alikuwa wa mwisho kumaliza mlima, na alishika waya wa uzio ili asianguke.

"Umemsikia Shangazi?" akauliza Kocha Deemay, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Damu ipo. Sasa kinachokosekana ni nini? Si moyo tu?"

"Nitaongeza bidii, kocha."

"Kila siku unaongeza. Unaongeza, unarudi nyuma!"

Pembeni alisimama mwanamke wa makamo mwenye koti la mvua. Huyu alikuwa Mhandisi Febronia Bayo, aliyekibuni Kisomadamu. Alikuwa amekuja kutoka Dodoma kwa sababu Ijumaa wageni wa chama cha riadha wangefika kuamua kama mashine iwekwe katika kambi zote za nchi. Febronia alikuwa mtu wa sala. Kila alfajiri alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa kumpa akili ya kuitengeneza.

Mchana huo majina ya timu ya taifa yakatangazwa. La Epifania halikuwamo. Tangazo lilisema ameondolewa kambini kwa kukosa bidii, na kwa kuwa siku hizo matangazo yalifika kila simu mara moja, baba yake alilisikia kabla binti hajakunja blanketi lake.

Febronia alikuwa akipita nyuma ya bwalo aliposikia watu wakibishana karibu na tangi la maji.

"Epi, tema! Shoga yangu, nakwambia tema!" Ilikuwa sauti ya Tausi. "Unakula udongo kama mwenye mimba. Kesho watasema unayo kweli, utawajibu nini?"

"Niache, Tausi."

"Sikuachi ng'o."

Walipomwona mhandisi, Tausi akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo mama," Epifania akasema, mkono mmoja nyuma.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe mkono."

Kiganjani mlikuwa na kipande cha udongo wa kichuguu, kimetafunwa pembeni.

"Umeanza lini?"

"Tangu Pasaka. Sina mimba, mama, wallahi sina... yaani, Mungu ni shahidi. Ni hamu tu. Mvua ikinyesha nikasikia harufu ya ardhi, mate yananijaa."

Febronia akalivuta kope la chini la jicho la Epifania kwa kidole gumba. Ndani, palipotakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama tui. Alipokuwa mwanafunzi alisoma kwamba mwili uliokosa chuma wakati mwingine hutamani udongo. Mashine yake ilisema ghala limejaa, na mwili huu ulisema halina kitu.

"Usikimbie leo wala kesho," alisema. "Hata kutembea haraka, usitembee. Ijumaa asubuhi nitakupima mwenyewe."

Ijumaa akafungua lile kabati, akatoa sindano ya zamani, akapima damu ya Epifania iliyokwisha kupumzika. Ghala lilikuwa tupu.

Alimwita Kocha Deemay kwenye chumba cha matibabu, akafunga mlango.

"Mashine imeharibika?" kocha akauliza.

"Haijaharibika. Inafanya nilichoiambia. Mwili ukikimbia sana hujiona kama umejeruhiwa, na kwa muda ile namba ya ghala huvimba, hata kama ndani kumebaki vumbi. Nami niliiweka mlangoni iwasome wangali wanahema."

"Lakini siku nyingine ilimpa dawa. Nimeona kwa macho yangu."

"Hapo ndipo pabaya zaidi." Febronia alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa. "Baada ya mbio kali, ini hutoa kitu mfano wa bawabu. Kinakwenda kufunga milango ya utumbo kwa saa kadhaa, chuma kisipite. Mimi nilileta dawa wakati milango imefungwa. Tena nikaitia kwenye chai, na chai nayo hukishika chuma kikabaki tumboni bure."

"Sasa chai ya nini?"

"Walikuwa wanatema vidonge. Nikafikiri, sisi watu wa huku tukitoka kwenye baridi tunataka nini? Nikaona nimepata dawa isiyokataliwa."

Kocha akakuna kidevu. "Mbona Tausi mzima?"

"Tausi ananyanyua vyuma. Mazoezi hayo hayamnyang'anyi chuma kama mbio. Mkimbiaji kila akikanyaga, kisigino kinaponda damu kidogo. Jasho linachukua chake, hedhi inachukua chake. Niliijaribu mashine kwa wanyanyua vyuma na waogeleaji, kwa kuwa ndio waliokuwa jirani na maabara. Ilifanya vizuri. Sikumwuliza mkimbiaji hata mmoja."

Nje magari yakasikika yakiingia. Kocha akachungulia dirishani.

"Wageni hao. Mhandisi, nisikilize. Rekebisha hiyo programu kimyakimya. Msichana apewe dawa nzuri, atapona. Ukisema leo, mashine imekufa, na wewe na mimi tumekufa nayo. Nani atajua?"

Kwa dakika chache Febronia alitamani sana kumtii. Mashine ilikuwa ujana wake wote. Aliinamisha kichwa akaomba, lakini maneno ya sala hayakuja. Lilikuja jina la Epifania tu. Akaondoka kwenda kumtafuta.

Alimkuta bwenini, ameketi juu ya begi lake lililofungwa, Tausi akimsuka nywele. Febronia akamweleza yote, bila kujitetea.

Epifania akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si uvivu?"

"Si uvivu, mwanangu. Haukuwa uvivu hata siku moja."

"Mimi nilikuwa naamka kabla ya wenzangu. Nakimbia peke yangu gizani, halafu nakuja kukimbia nao tena. Shangazi alisema nguvu ipo, nikaona basi tatizo ni mimi." Akafuta pua kwa kiganja. "Tangu Pasaka nikipiga magoti naomba kitu kimoja tu. Namwomba Mungu anisamehe dhambi ya uvivu."

Tausi aliacha kusuka.

Kila mbio ya ziada ilikuwa imefunga ile milango upya. Na alfajiri zilezile, binti huyu alipokuwa akiomba msamaha wa kosa asilolifanya, Febronia aliyelifanya alikuwa akitoa shukrani.

"Nitakimbia tena lini?"

"Ghala hujaa polepole. Itachukua miezi. Kama kasi yote itarudi, sijui. Ningesema najua, ningekudanganya mara ya pili."

Saa sita wote walikuwa bwaloni: wasichana, wapishi, kocha, na wageni watatu wa chama waliokaa mbele wakitabasamu. Febronia alisimama kando ya Kisomadamu, akakizima. Kisha akawaambia wageni kila alichomwambia Epifania. Tabasamu zikaisha. Mmoja wao akauliza kama timu iliyotangazwa inaweza kubadilishwa, mwenzake akatikisa kichwa: majina yalikwisha kwenda, na hata yangerudi, mwenyewe hana damu ya kukimbilia.

Kocha Deemay akainuka, kofia mkononi. "Nilimwita mvivu mbele za watu. Namwomba radhi mbele za watu." Akaketi haraka, uso chini.

Febronia akamgeukia binti. "Epifania, nakuahidi nitakurudishia mbio zako."

"Usiniahidi hizo, mama," Epifania akasema akiwa amesimama kwa heshima. "Hizo huna wewe."

"Baba yangu aliambiwa nimefukuzwa kwa uvivu," Epifania akaendelea. "Tangu juzi hapokei simu yangu. Jumapili ataingia kanisani, na watu wote watamtazama. Mimi siwezi kumweleza habari za ini na bawabu. Hatanisadiki."

Febronia alivua miwani, akaishika mkononi. Alipoanza kusema, sauti yake ikafika hadi jikoni.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote. Jumapili hii nitakwenda kanisani kwa kina Epifania. Nitaomba nisimame baada ya matangazo. Nitataja jina langu na kazi yangu, nitasema mtoto wao alikimbia mlimani bila damu, na aliyemwambia anayo ni mimi. Na baba yake akikataa kunitazama, nitarudi Jumapili inayofuata, na inayofuata, mpaka ampigie simu binti yake."