Bangili Iliyobanduka Dhahabu

"Mpigie Kheir, mwambie Ijumaa asilete wazee wake kupanga siku ya ndoa!" Shangazi yangu, Bi Salhiya, aliitupa bangili kitandani. "Mwanamme anayedanganya kwa bangili ataacha kudanganya kwa jengine?"

Bangili ni ya fedha, ya marehemu mama. Mchumba wangu Kheir, sonara wa Darajani, aliichovya dhahabu ili niivae siku ya harusi. Wiki haijesha, dhahabu ikabanduka.

Nikamtumia ujumbe: "Dhahabu imebanduka. Shangazi anasema umetuchezea."

Akajibu: "Wallahi dhahabu ni ya kweli, Faiza. Sijui nimekosea wapi."

Usiku ule roho iliniuma. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia, na chuoni nilisomea hasa namna atomu zinavyokaa juu ya madini. Nikasema sivunji uchumba kwa maneno ya watu kabla sijaangalia mwenyewe. Asubuhi nikamfuata dukani.

"Nieleze ulivyofanya. Usiruke kitu."

"Nliisugua, nkaichemsha kwa sabuni, nkaisuuza. Kisha nkaitia kwenye maji ya dhahabu, nkawasha umeme."

"Uliigusa kwa mkono?"

"Koleo tu."

Nikachukua lenzi yake.

"Sikiliza, Kheir. Ndani ya maji yale, atomu za dhahabu zimepungukiwa elektroni. Zikifika kwenye fedha zinazipata, halafu zinatangatanga juu yake mpaka zione pa kukaa. Za kwanza zikitulia, nyengine zinakuja kukaa ubavuni. Lakini pakiwa na mafuta, hata kidogo, zinakaa juu juu tu. Hazishiki."

"Kama mpangaji aliyekuta chumba kina mwenyewe."

"Hivyo hivyo."

Nikaikwaruza bangili kwa ukucha. Dhahabu haikutikisika, isipokuwa mahali pamoja tu. Na mahali hapo palikuwa na umbo: mikunjo miwili, wa juu umebonyea katikati.

Nikamtazama midomo.

"Kheir."

"Naam."

"Ulipomaliza kuisafisha, uliibusu?"

Akainamisha kichwa, mtu mzima na ndevu zake.

"Mara moja tu. Nlifikiri mkono utakaoivaa."

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Nilikuwa nimebakisha kidogo tu nimwache mtu huyu.

"Nkuchovyee upya?" akauliza.

"Nichovyee. Lakini hapo pafunike kwa nta, pabaki fedha."

"Na Bi Salhiya?"

"Utamweleza mwenyewe."

"Nimwambie nlibusu bangili? Mie?"

"Wewe. Ijumaa, mbele ya wazee wako."

Ijumaa ilipofika akasema kweli, huku jasho likimtoka. Shangazi alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika, kisha akataja mwenyewe tarehe ya ndoa.

Siku ya harusi wanawake walinishika mkono kutazama vito. Mmoja akaguna:

"Mbona hapa dhahabu haikufika?"

Bi Salhiya akaushusha mkono wangu taratibu.

"Pawacheni. Hapo pana mwenyewe."