Mwanamke wa Ukurasa wa Mwisho

Dafrosa alikuwa na haraka zake siku hiyo, na haraka ni adui wa mtu anayerudia mtihani wa kidato cha nne mara ya pili. Alisimama kwenye duka la kutoa kopi pale mtaa wa Kashaulili, kitenge cha njano kimemkaa vizuri, mara umeme ukakatika. Kijana wa mashine, mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi, akaanza kusoma karatasi ya majibu ya Dafrosa bila hata aibu.

"'Mlango katika hadithi hii unawakilisha nini?' Na wewe umejibu, 'Mbao.'"

"Kwani mlango wa kwenu ni wa nini?"

Kijana akacheka mpaka akashika meza. Aliitwa Fabrice, mtoto wa wakulima waliotoka Burundi, wakapata uraia na kutulia kijiji cha Kasokola. Umeme uliporudi, walikuwa bado wanabishana.

Basi mapenzi yakaanzia hapo hapo, kwenye karatasi. Kila jioni Fabrice akawa anamfundisha: mwandishi haweki kitu ovyo, ukiona kitu kimejirudia jiulize kinasema nini. Dafrosa akashika, tena akashika kupita kiasi.

"Mpenzi, nimeona kunguru juu ya bati letu," akapiga simu siku moja. "Anawakilisha nini?"

"Anawakilisha kunguru, mama. Endelea kusoma."

Ndipo Fabrice akamletea daftari. "Nimekuandikia hadithi. Isome mpaka mwisho, halafu unijibu."

Dafrosa aliisoma nyuma ya meza yake ya kuuzia asali. Mwanamume anashusha mizinga yake ya nyuki mtini, mmoja mmoja. Anaibeba mpaka kwenye nyumba isiyo na mtu. Ukurasa wa mwisho, mwanamke mwenye gauni jeupe amesimama mlangoni, katupa mgongo, hageuki. Dafrosa akalifunga daftari. Kwao Inyonga, babu yake alipofariki, mizinga yake yote ilishushwa kabla ya maziko. Mizinga imeshuka, nyumba haina mtu, nguo nyeupe. Fabrice wake alikuwa anaaga dunia. Akampigia. Simu haipatikani. Siku tatu, haipatikani.

Siku ya nne mchana akapanda bodaboda mpaka Kasokola. Jua lilikuwa kali, lakini uwanja wa nyumba aliyoelekezwa kuwa ya Fabrice ulikuwa na ubaridi usioeleweka. Nyumba mpya ya tofali, haina hata pazia. Mizinga sita imepangwa ukutani, yote mitupu, na bado ndani ya mmoja kitu kilikuwa kinavuma taratibu, kama mtu anayeimba kafumba mdomo. Akainama kusikiliza.

"Dafrosa?"

Fabrice alikuwa nyuma yake, mzima, kabeba mzinga wa saba, suruali imejaa udongo. Dafrosa akamshika uso kwa mikono yote miwili, akalia na kumtukana kwa pamoja.

"Mshenzi wewe. Unaniandikia msiba halafu unazima simu."

"Msiba gani? Simu imeingia maji wakati napiga lipu." Fabrice akatua mzinga. "Baba kaishi hapa miaka arobaini, hajatundika hata mzinga mmoja, akiogopa siku moja atarudishwa Burundi auache. Mimi naileta yangu nyumbani, kwa sababu siondoki. Na nyumba haina mtu kwa kuwa inakungoja wewe. Nilikuwa nakuposa."

Dafrosa akaona haya. Alama zote alizijua, ila alizisoma kwa msiba wa kwao, hakuuliza mizinga ni ya nani.

"Na huyu mwanamke wa ukurasa wa mwisho?"

Fabrice akakwepa macho. "Nilidhani ni wewe. Lakini kila nikitaka kuandika ageuke, mkono unakataa."

"Marehemu mama yako alizikwa na nguo gani?"

"Gauni lake la harusi. Nilikuwa na miaka sita."

"Basi huyu si mimi. Na hajakupa mgongo, Fabrice. Anaitazama nyumba yako."

Fabrice aliyemfundisha yote hayo akakaa chini kwenye vumbi, akalia kama mtoto. Alipoinua uso wakatazama mlangoni kwa pamoja. Kizingiti kilikuwa kimetoka kufagiwa, michirizi ya ufagio bado mibichi, na hakukuwa na unyayo hata mmoja.

"Mimi sina ufagio hapa," Fabrice akasema polepole.

"Najua."

Dafrosa hakukimbia. Akavua ndala zake, akaziweka pembeni, akapiga goti nje ya kizingiti kama alivyolelewa.

"Hodi, mama," akasema. "Mimi mkweo."

Wakashikana mikono, wakangoja waitikiwe.