Sauti Mia Sita na Kumi na Mbili

Kitunzi kilimfunga mtu mdomo upesi kuliko chafya. Wanawake elfu mbili waligusa vifuniko vya visanduku majumbani mwao, taa ikageuka nyekundu, na aliyekuwa akisema hakusikika tena popote. Bi Tausi wa mtaa wa Cheyo, Tabora, ndiye aliyekuwa msimamizi wa baraza hilo la kina mama. Kila taa nyekundu ilipowaka alijisikia kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja wake.

Siku hizo mtandao haukuwa na mwenyewe. Hapakuwa na kampuni wala ofisi kuu. Kila nyumba ilikuwa na kitunzi chake, kisanduku kisichozidi kopo la maziwa ya unga, na neno lilipita kitunzi hadi kitunzi kama kaa la moto linavyoombwa kwa jirani. Watu wakikubaliana kutolipokea neno lako, linafia ndani ya kisanduku chako, na hakuna mkubwa wa kumpelekea malalamiko.

Mwanzoni baraza lilikuwa la matusi. Dada alimtetea dada, shoga alimtetea shoga, haki ikapotea. Bi Tausi ndiye aliyeleta dawa. Alishauri majina yafichwe, kila mtu awe namba tu, na sauti zote zitoke namna moja, nyororo, isiyo na kilio wala kicheko. Upendeleo ukafa siku hiyo hiyo. Akaongeza kwamba mambo ya ndani ya nyumba yasiletwe barazani: maonyo mawili, mara ya tatu mtu anasusiwa. Na aliyesusiwa hapokelewi na kitunzi cha mwanabaraza yeyote, wala msiba wake hautangazwi. Wote wakaridhia. Baraza likatulia, likasifiwa mpaka Kigoma.

Alipomwoza binti yake Mwasiti kwa fundi wa reli ya angani huko Nzega, alifunga kitunzi ndani ya kanga, akakiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. "Simu ni ya mumeo," alimwambia. "Hiki ni chako."

Mwezi wa tatu baada ya harusi, sauti mia sita na kumi na mbili ilizungumza barazani. Ilisema mumewe humkaba, na kwamba anaona aibu kumwambia mama yake. Iliyasema hayo kwa ile sauti nyororo, kama anayetaja vituo vya treni. Bi Tausi alikuwa akichambua mchicha. Alijibu bila kuinua macho, "Nyumba haijengwi kwa mdomo, dada. Vumilia." Wenzake waliipenda kauli hiyo, wakawa wanaambiana kila penye nafasi.

Mara ya pili ile sauti ilisema juu ya mbavu. Mara ya tatu iliuliza tu kama kuna mwenye nafasi ya kumpokea, hata jikoni. Mkono wa kwanza kugusa kifuniko ulikuwa wa Bi Tausi.

Tangu hapo Mwasiti hakuleta hata salamu. Chiku, jirani wa ukuta mmoja, alimcheka shoga yake alipoanza kuhangaika. Alisema mwari akinyamaza ujue amekolea, na kwamba Bi Tausi anataka kuolewa pamoja na mwanawe. Bi Tausi akacheka naye.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa wakwe kwamba Mwasiti ni mgonjwa. Bi Tausi alimuaga Chiku, akapanda treni ya alfajiri. Alipofika, kaburi lilikuwa bichi na mume alikuwa kazini. Mama mkwe alisema Mwasiti aliteleza bafuni. Alisema pia, bila haya, kwamba hata majirani hawakuja kuzika, kwa kuwa vitunzi vyao havikutangaza. Akamkabidhi sanduku la nguo.

Bi Tausi alirudi nalo mchana ule ule. Alifunga mlango, akatoa nguo moja moja mpaka akaifikia ile kanga. Taa ya kitunzi ilikuwa nyekundu. Chini yake palikuwa na namba, akaisoma mara mbili. Mle ndani yalikuwamo maneno arobaini na matatu yaliyokosa pa kwenda, yote yameelekezwa kwake, na sauti ilikuwa bado haijalainishwa. Ilikuwa ya Mwasiti mwenyewe, yenye mafua na kilio.

"Mama, barazani wamenisusa. Basi nakuambia wewe."

La mwisho lilikuwa fupi. "Mama, kama nimekuudhi niambie. Ila usininyamazie."

Baraza lilikuwa limekaa saa ile. Bi Tausi alikivuta kitunzi chake, akaanza kusema. Alisema mia sita na kumi na mbili alikuwa mtoto wake wa kumzaa, na mume alikuwa akimpiga. Kisanduku kikatamka, "Mambo ya ndani ya nyumba. Onyo la kwanza." Akaanza upya, likaja la pili. Alilia, na kilio chake kikatoka huko kwa wenzake kimelainishwa, kama mtu anayetaja vituo vya treni.

Ndipo akamsikia Chiku kupitia ukutani, kwa sauti yake halisi, ya uchangamfu: "Nyumba haijengwi kwa mdomo, dada. Vumilia." Punde maneno yale yale yakatoka kitunzini, laini.

Akasema mara ya tatu. Taa ikawa nyekundu.

Haukupita muda, Chiku akaingia na bakuli la karanga, anatafuna.

"Shoga, umerudi kimya kimya hivyo? Umekosa. Tumemsusa mwingine sasa hivi, ana mdomo huyo." Akavuta kigoda, akaketi. "Haya niambie, mwanetu hajambo?"

Bi Tausi akalisukuma sanduku la nguo mpaka miguuni pa Chiku.