Shingo ya Asnath

Majirani zangu wa Vugiri, na ninyi wa Makuyuni na Mazinde tunaokutana kwenye magulio, naomba mnisikilize kidogo. Ninayoyasimulia yalitokea katika nyumba ambayo moshi wake nauona nikiwa mlangoni kwangu. Wenyewe wameniruhusu kuyasema. Ritha, mama wa nyumba ile, aliniambia, "Waambie wewe, dada. Mimi nikianza kusema nashindwa kumaliza."

Ilikuwa nyumba yenye amani. Simeo, mume wa Ritha, ni mkulima wa maharage na kabichi, na siku ya gulio hushuka Makuyuni kuuza. Hakuwa mlevi wala hakupata kumpiga mkewe. Mama yake mzazi, Bibi Yuditha, alikaa nao. Jioni, makande yakichemka, binti yao Asnath aliketi karibu na bibi yake akimsomea Biblia, kwa kuwa macho ya bibi yalikwisha kufifia. Asnath alikuwa darasa la tatu tu, lakini alisoma bila kukwama, na Bibi Yuditha hakuacha kumsifia kanisani.

Jioni moja sauti ya mtoto ikaanza kuburuta, kisha ikanyamaza katikati ya mstari.

"Endelea, mjukuu wangu," bibi akasema.

"Nimesahau nilipofika, bibi."

Bibi Yuditha akanyoosha mkono kumbembeleza. Mkono ulipofika kooni ukasimama. Chini ya koo la Asnath palikuwa na uvimbe laini, kama yai la kuku. Bibi mwenyewe alikuwa na rovu tangu usichana wake, kubwa kama chungwa, na mama yake naye alikuwa nalo.

"Ritha, njoo uone," akaita kwa furaha. "Huyu ni wangu kabisa. Ameanza kuota la ukoo."

Ritha akaja, akapapasa, akatabasamu. Simeo naye akatabasamu. Sioni wa kumlaumu kwa tabasamu lile. Yalikuwa mapenzi tu, na mapenzi yasiyo na habari huweza kuua kama chuki.

Miezi ikapita, Asnath akabadilika. Alisikia baridi hata jua likiwa kali. Alilala sana, na akiamka alikuwa kama hajalala. Ukimtuma maji, ungemkuta amesimama njiani na ndoo, amesahau alikokuwa anakwenda. Baba yake alianza kwa mzaha, kisha mzaha ukaisha.

"Huyu mtoto amekuwa mvivu," Simeo alisema. "Zamani alikuwa na akili. Sasa amezipeleka wapi?"

Asnath alisikia. Alianza kujifunga kitambaa shingoni, hata akiwa nyumbani.

Mwaka uliofuata, darasa la nne likampata mwalimu mpya, Mwalimu Munira, mzaliwa wa Handeni. Hakumchapa Asnath kwa kusinzia. Alimtazama kwa wiki kadhaa, kisha akamfuata nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Mwalimu akakaa. Aliomba kuona chumvi wanayopikia. Simeo akashangaa, lakini akatoa kiroba kilichokuwa kinaning'inia juu ya mafiga. Ilikuwa chumvi ya mawe, ya kupimiwa kwa kopo gulioni. Kiroba hakikuwa na maandishi yoyote.

"Baba Asnath," mwalimu akasema taratibu, "mtoto si mvivu. Anakosa madini joto. Huku milimani mvua imeyaosha kwenye udongo, kwa hiyo chakula mnacholima hakiyabebi ya kutosha. Ndiyo maana yanatiwa kwenye chumvi kiwandani. Hii yenu haikutiwa. Mpelekeni hospitali Korogwe, na mbadilishe chumvi ya nyumba nzima." Kisha akamgeukia Ritha, ambaye khanga yake ilikuwa imeanza kukaza tumboni. "Hasa wewe, mama. Aliye tumboni anayahitaji kuliko sisi sote."

Simeo hakukasirika kwa kelele. Aliudhika kimyakimya, kama mtu aliyeambiwa kwamba halishi watoto wake vizuri.

"Mwalimu, wewe umekuja juzi. Mama yangu amekula chumvi hii maisha yake yote, na amenizaa mimi na ndugu zangu. Tuna upungufu gani?"

"Rovu haliui," Bibi Yuditha akaongeza, akicheka. "Nimezeeka nalo."

"Wewe ulinusurika, bibi," mwalimu akajibu. "Hukuwahi kuzika watoto?"

Bibi aliwahi kuzika wawili. Mwalimu akaaga, akaondoka.

Siku chache baadaye Ritha alinunua pakiti ya chumvi dukani, ile iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Alipikia mchicha. Bibi Yuditha akaonja, akaweka tonge chini.

"Hii chumvi gani isiyo na ladha? Nasikia hizi za pakiti wanatia dawa za kufunga kizazi. Baba Asnath, mkeo ana mimba, na wewe unatazama tu?"

Simeo alimtazama mkewe. "Nani alikutuma?"

"Nilifikiri," Ritha akasema, "kwa ajili ya mtoto."

Simeo alichukua ile pakiti, akaenda nayo nje, akaimwaga kwenye jalala. Aliporudi akanawa mikono, akaketi kula. Ritha akarudi kwenye kiroba. Jirani yangu, usiseme kwamba alikuwa mwoga. Jiulize wewe ungesimama na nani, siku ambayo mama mkwe, mume na desturi ya ukoo mzima wamekaa upande mmoja wa chungu na wewe upo peke yako.

Asnath alishindwa mtihani wa darasa la nne. Aliambiwa arudie darasa. Watoto wadogo kwake wakamcheka, wakawa wanavimbisha mashavu na kushika shingo zao akipita. Simeo akasema, "Basi, abaki nyumbani. Shule haimtaki." Mwalimu Munira alikuja tena, na safari hii hakukaribishwa kukaa.

Kisha Ritha akajifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Ernesti.

Tulikwenda kumtazama, sote tukamsifu. Alikuwa mtoto mtulivu ajabu. Hakulia kwa njaa. Hakulia akioga maji ya baridi. Alilala kutwa, na ukimwamsha anyonye alinyonya kidogo akachoka. "Mungu amekupa pumziko," wanawake walimwambia Ritha. "Wetu hawatuachi tulale." Ulimi wake ulikuwa mnene, ukichungulia nje ya midomo. Kitovu kilikuwa kimetokeza. Ngozi ilikuwa kavu na baridi, lakini sisi tuliona utulivu tu, tukaushangilia.

Miezi ikaenda. Wenzake wakakaa, wakatambaa. Ernesti alikuwa bado hajaweza kuinua kichwa. Ukipiga sufuria nyuma yake, hakugeuka. Hapo Ritha hakuomba ruhusa ya mtu. Alimbeba, akamchukua na Asnath wa kumsaidia, akashuka Korogwe. Simeo aliwafuata nyuma, akawakuta kwenye benchi la kusubiri.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Alimpima Ernesti kwa muda mrefu. Kisha macho yake yakamwangukia Asnath, aliyesimama ukutani na kitambaa chake shingoni.

"Njoo, mwanangu. Hebu fungua."

Asnath akafungua. Daktari akapapasa shingo.

"Huyu alianza kuvimba lini?"

"Kabla sijashika mimba ya huyu," Ritha akasema.

"Kuna mtu aliwaambia kitu?"

Ritha akamtazama mumewe. Simeo akatazama sakafu. "Mwalimu alituambia," akajibu.

Daktari hakumgombeza. Labda angemgombeza ingekuwa afadhali.

"Dada mtu tutamsaidia," akasema. "Dawa itamwamsha, atarudi shule, na huo uvimbe utapungua. Mdogo wake naye tutampa dawa, akue na apate nguvu. Lakini nisiwadanganye. Ubongo wa mtoto hujengwa akiwa tumboni na miezi ile ya kwanza. Kilichokosekana wakati ule hakirudishwi. Na masikio pia, nadhani hayatasikia."

Ritha hakulia. Aliuliza jambo moja tu. "Ile pakiti ingetosha?"

Daktari hakujua ni pakiti gani. Simeo alijua. Alitoka nje, akashika nguzo ya baraza, na watu waliokuwa kwenye foleni wakamwona mwanamume mzima akilia kama aliyefiwa.

Asnath alirudi darasani alipopata nguvu. Anasoma tena, ingawa amewazidi umri wenzake. Bibi Yuditha hasemi tena habari za rovu la ukoo. Alipoelezwa yote alikaa jikoni akisema, "Nilikuwa nampenda. Nilikuwa nampenda tu," na hadi leo akimsikia Ernesti akiguna hugeuza uso. Ernesti amefika umri wa kuanza shule, lakini hajui jina lake. Anatembea kwa kuyumba, anashika ukuta. Humchekea kila mtu, hata mgeni, hata anayemtazama vibaya. Simeo humbeba mabegani kwenda shambani na hamruhusu mtu mwingine kumbeba.

Juzi nilikuwa kwao tukichambua maharage. Asnath alikuwa akimlisha mdogo wake uji, akimfuta kidevu kila mara. Akauliza bila kuinua uso:

"Mama, kama shingo yangu ingevimba sana, mapema, mngemwamini mwalimu?"

Ritha aliuweka ungo chini. Alimvuta bintiye kifuani, akamshika hivyo.

FUNZO

Ndugu zangu, shingo ya mtoto ikivimba, haiwi fahari ya ukoo wala laana ya mtu. Ni nyumba nzima inayodai kitu, na mtoto ndiye aliyetangulia kuonekana. Usimcheke, usimfunike, mpeleke akapimwe.

Mtoto aliyekuwa na akili akianza kusinzia, kusahau na kusikia baridi, msimwite mvivu kabla hamjajua anaumwa nini.

Nunueni chumvi ya pakiti iliyofungwa, iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Iwekeni kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto na unyevu, na muitie kwenye chakula kinapokaribia kuiva, maana moto huyapunguza. Wauzaji wa magulioni, mnapomuuzia mama chumvi, kumbukeni kwamba hamjui amebeba nini tumboni.

Na ninyi waume: mkeo akiweka kitu mezani akasema ni kwa ajili ya mtoto, muulize kwanza alichojua. Chumvi iliyomwagwa jalalani inaweza kununuliwa nyingine kesho. Ernesti hatazaliwa mara ya pili.