Mpango wa Nyaguthii

Siku ya pili ya maonyesho ya kilimo mjini Kitale, mwaka wa 2009, Hesbon Mukhisa alisimama karibu na msichana aliyekuwa akipiga muziki kwenye kibanda cha wauza mbegu, akamwomba mara tatu apunguze sauti. Msichana hakugeuka. Alivaa jinzi iliyokunjwa juu ya raba nyeupe, fulana nyekundu na vipuli vipana kama bangili, na mabega yake yalicheza polepole huku vidole vikitembea juu ya mashine. Hesbon alikuwa ametumwa kutangaza hoteli moja ya Bungoma, na kibanda chake kilitazamana na spika. Tangu asubuhi alikuwa akiwapigia wateja kelele mpaka koo likakauka. Akaona sasa hayo ni maringo. Akazunguka upande wa pili amwambie ana kwa ana.

"Dada, punguza muziki kidogo, tafadhari."

"Tafadhari?" Msichana akatabasamu kwa ile r. "Wewe ni wa Bungoma bana."

"Na wewe ni wa wapi, kwa watu wasiosikia?"

Tabasamu likazimika kidogo, kisha likarudi. Akapunguza sauti. Saa nane Hesbon alimletea soda na mahindi ya kuchoma kama fidia ya ulimi wake, na kabla ya jua kutua alikuwa na namba yake ya simu. Msichana aliitwa Nyaguthii, binti ya Mzee Kagwe, mkulima wa mahindi nje kidogo ya Kitale. Vijana wa mji walimjua kama DJ Guthi wa klabu iliyojaa kila Jumapili alasiri.

Klabu ilifungwa kila Jumatatu, basi Jumatatu ikawa siku yao. Walikutana Kimilili, katikati ya miji yao miwili, wakala chapati na maharagwe katika hoteli ndogo inayotazama sokoni. Siku nyingine walipigiana simu. "Sasa, Tafadhari wangu," Nyaguthii angeanza, na Hesbon angejifanya amekasirika ili abembelezwe. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua, mcheshi, mwenye kukumbuka kila kitu alichoambiwa. Nyaguthii hakuwahi kuwa na mtu wa kumkumbukia mambo.

Ndiyo maana alimwambia yeye peke yake siri ambayo hata mama yake hakuijua. Sikio la kushoto lilikuwa likifa. Lilianza kwa mlio mwembamba kama wa mbu, sasa halikusikia karibu chochote. Hesbon alimkumbusha siku ile ya maonyesho, akaomba msamaha upya, kisha akampeleka hospitali ya misheni ya Lugulu na kumngoja kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa. Daktari hakuzungusha maneno. Aache muziki wa spika kubwa, la sivyo la kulia litafuata.

Njiani Nyaguthii hakulia. Alimweleza Hesbon kwamba kuna kazi nyingine anayoijua, ila haina jina katika mji ule. Kwa miaka miwili alikuwa akikusanya namba za mashabiki na kuwatumia ujumbe kila Alhamisi. Baadaye akafungua ukurasa wa Facebook, akagundua kwamba picha moja nzuri na maneno mawili ya utani vilileta watu wengi kuliko mabango yote ya mjini. Kama aliweza kuijazia watu klabu, kwa nini asiijazie hoteli, au duka la mbegu?

Hesbon akamwambia aandike yote hayo, yeye atampelekea mkubwa wake, Madam Nabwile, mwenye hoteli. Nyaguthii akashinda katika saiba, duka la intaneti la Kitale, wiki tatu, siku zingine umeme ukipotea na kazi yake ikipotea pamoja nao. Mwishowe akatuma kurasa kumi na nne kwa barua pepe. Sentensi ya kwanza aliitafuta siku mbili nzima: "Mgeni hulala hotelini kwa macho kabla hajalala kwa mwili."

Hesbon alisema Madam ana shughuli nyingi, hajausoma mpango ule. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Nyaguthii akaendelea kupiga muziki huku ameziba sikio kwa pamba, akingoja. Katikati ya kungoja huko Hesbon alimwambia kwamba Desemba wazee wa kwao watakwenda kumwona Mzee Kagwe. Nyaguthii alipomdokezea baba yake, mzee aliuliza kama Wabukusu, watu wa kina Hesbon, hunywa chai ya maziwa mengi. Keshoye akaanza kupaka nyumba rangi.

Oktoba hoteli ikafanya sherehe ya miaka kumi, Jumamosi mchana, na Hesbon akamwita Nyaguthii apige muziki. Alifika Bungoma amevaa gauni la kijani alilolishonesha kwa siku hiyo, kwa kuwa angesalimiana na Madam kwa mara ya kwanza. Mahema yalijaa wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Baada ya chakula Madam Nabwile, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alichukua maikrofoni. Akasema dunia imehamia kwenye intaneti, na hoteli yake haitabaki nyuma, kwa sababu ina kijana mwenye kichwa.

"Sikizeni alivyoandika," akasema, akavaa miwani. "Mgeni hulala hotelini kwa macho kabla hajalala kwa mwili. Hesbon, simama wakuone. Kutoka leo wewe ndiye meneja wetu wa matangazo."

Watu wakapiga makofi. Hesbon akasimama. Hakutazama upande wa mashine.

Nyaguthii alisikia kila neno kwa sikio lake zima. Watu walikuwa wakingoja wimbo, akawawekea. Alipiga muziki hadi saa kumi na moja kama alivyoahidi, akazungusha nyaya moja moja. Hesbon alimkuta akifunga sanduku la mashine.

"Nilikuwa nikuambie," akasema. "Madam ni mtu wa kanisa. Si angetupa karatasi za DJ wa klabu bila kusoma? Nikasema niingie kwanza, halafu nikuvute. Hii ni yetu sote, Guthi."

"Ulijua kwa nini niliandika."

"Najua."

"Ulikaa kwenye benchi pale Lugulu siku nzima, Hesbon. Ulijua."

Nyaguthii akaondoka.

Simu zilianza jioni hiyohiyo, zikaendelea wiki mbili bila kupokewa. Ujumbe ulijaa mpaka simu ikakataa mwingine. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumwambia Mzee Kagwe kwamba hakuna wageni Desemba. Mzee alimaliza kupaka ukuta uliobaki, akaosha brashi.

Nyaguthii aliaga klabu Novemba. Barua pepe yenye tarehe ilikuwepo, angeweza kwenda nayo Bungoma kumwaibisha Hesbon, na zipo siku alizotamani sana. Lakini aliona kwamba akienda atabaki mtu wa kulilia kurasa kumi na nne, na yeye anazo nyingine kichwani. Alikodi meza nyuma ya duka la vitambaa, akatangaza kwenye intaneti mahema ya arusi, vifaranga, na shule ya udereva. Wateja walikuwa wachache, ila walirudi.

Februari Madam Nabwile mwenyewe akasimama mbele ya meza ile. Alisema kazi ilimshinda Hesbon, mwishowe akaenda ofisini kwake bila kuitwa, akaungama yote, akaacha funguo mezani. Madam akaomba radhi kwa makofi ya siku ile, akampa kazi ya kutangaza hoteli. Nyaguthii alikubali kwa sharti moja, kwamba abaki na meza yake na jina lake juu ya kila anachoandika.

Jumatatu iliyofuata alipokea simu ya Hesbon. Walikutana Kimilili, mahali palepale. Hesbon alikuwa amekonda, shati halikupigwa pasi. Alisema amerudi kulima kwao, kwamba hakuungama ili arudishiwe kitu. Kisha akatoa pete, akaiweka juu ya meza kwa woga.

"Nakupenda, Guthi. Hilo halikuwa uongo."

"Najua halikuwa." Sauti yake ilikuwa laini. "Nikuulize kitu kimoja, unijibu ukweli. Kama ungeiweza ile kazi, hoteli ikajaa, kila mtu akakusifu, ungeniambia?"

Nje mtu alikuwa akinadi nyanya. Hesbon akaitazama pete.

"Sijui," akasema.

Nyaguthii akatikisa kichwa kukubali. Aliunyoosha mkono wake, akaufunika wa Hesbon, akaushika hivyo kitambo kirefu.

"Asante kwa kutonidanganya," akasema. "Nimekusamehe. Lakini siwezi kulala nyumba moja na hiyo sijui yako."

Akalipa chai ya wote wawili, akaondoka.

Alipofika Kitale alimkuta mteja mpya akimsubiri, mama mmoja kutoka Ndalu aliyeuza miche ya parachichi na ambaye hajawahi kupigwa picha ya tangazo. Alikuwa amejifunga leso mpya na kujipaka mafuta usoni. Nyaguthii akamsimamisha katikati ya miche aliyokuja nayo, akamtania mpaka akacheka, akapiga picha moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nane machozi yalimshinda. Mama akauliza kuna nini, binti yangu. Nyaguthii akasema ni jua, akamwomba asogee kidogo kivulini, akaendelea.