Mistari Aliyoifuta Fagio

Kila siku baada ya chakula cha mchana, wenzake walipokuwa wakikimbizana uwanjani, Fagio alikwenda chumba cha kompyuta. Jina hilo alipewa darasani kwa sababu hakuweza kukaa penye uchafu. Meza yake ilikuwa safi, kalamu zake zilipangwa kwa urefu, na ukimwazima kitabu alikurudishia kikiwa kimenyooshwa kona. Mwanzoni jina lilimuudhi. Baadaye akaanza kulipenda, maana mwalimu wa kompyuta alipotafuta mwanafunzi wa kumsaidia kutunza seva ya shule, hakusita hata kidogo. Alimtaka Fagio.

Seva yenyewe haikuwa kitu cha kutisha. Ilikuwa kasha jeusi lililowekwa kwenye kona nyuma ya wavu wenye kufuli, likivuma kwa feni na kuwaka taa ndogo za kijani. Lakini kazi za shule nzima zilikaa humo. Ukiandika insha kwenye kompyuta yoyote chumbani na kuihifadhi, ilisafiri kwenye waya mpaka kwenye seva ikaingia katika folda yako. Kesho yake ungeweza kukaa kwenye kompyuta nyingine kabisa ukaikuta insha yako inakungoja. Na programu iliyofanya kazi hiyo haikununuliwa dukani. Iliandikwa na dada yake Fagio alipokuwa akisoma shule hiyo hiyo, kabla hajaenda chuo. Basi Fagio alitembea kifua mbele, na nani angemlaumu?

Ila, tuseme kweli, programu ya Dada ilikuwa vurugu tupu. Msimbo wake, yaani yale maagizo yanayoandikwa mstari kwa mstari ili kompyuta ijue la kufanya, ulijaa viraka kama suruali ya fundi magari. Faili lenye jina refu lilikataliwa bila sababu. Folda tupu ilidai kwamba imejaa. Fagio aliyashughulikia makosa hayo moja baada ya jingine, kila mara akimwonyesha mwalimu alichobadilisha, na mwalimu alimsifu mbele ya darasa. Makosa yalipokwisha, akaanza usafi. Maagizo yaliyorudiwa mara mbili aliyaunganisha, majina yasiyoeleweka akayabadilisha, na yasiyo na kazi akayatupa.

Siku moja alikutana na mistari michache iliyomkera. Kwa lugha ya kompyuta ilisema hivi: kama kuna anayehifadhi, subiri, kisha angalia tena, kama bado yupo, subiri tena. Asubiriwe nani, na kwa nini? Dada hakuandika neno lolote la kueleza. Fagio aliiondoa mistari hiyo, akaandika insha fupi na kuihifadhi. Ikaenda. Akarudia, ikaenda tena, na upesi kuliko mwanzo. Mwalimu alikuwa amemwagiza asifute kitu kabla ya kumwonyesha, lakini mchana huo mwalimu alikuwa kikaoni, na Fagio hakuona haja ya kumsumbua mtu mzima kwa mistari ya kusubiri tu. Alirudi darasani ameridhika kama aliyefua nguo za ukoo mzima na kuzianika.

Balaa lilianza muda mfupi baadaye. Desturi ya chumba kile ilikuwa moja: kengele ikilia, mwalimu husema, "Hifadhini," na darasa zima hubonyeza kwa pamoja, halafu ni mbio kuelekea mlangoni. Sasa msichana mmoja akafungua insha yake ya hali ya hewa, akakuta picha ya kobe aliyevaa kofia. Mwingine akakuta nusu ya hesabu zake na nusu ya kobe. Wanafunzi wa darasa la mwisho, waliokuwa wakiandaa kazi za kumaliza shule kwenye kompyuta za nyuma chumbani humo, walifungua folda zao wakamkuta kobe yule yule anawatazama.

Kobe huyo alijulikana. Alichorwa na Kidole, mvulana aliyeketi dawati moja na Fagio tangu walipokuwa hawajui kusoma. Aliitwa Kidole kwa sababu kidole chake hakikujua kutulia. Swichi aliibonyeza, bomba alilifungua, kitasa alikizungusha ili aone tu kitatokea nini. Umeme uliwahi kukatika akapoteza kazi yake yote, na tangu hapo kila akichora mstari mmoja alihifadhi, akiongeza mwingine anahifadhi tena. Wenzake walimtania kwamba ataitoboa kibodi.

Safari hii hakuna aliyetania. Wote walisema Kidole anaingia kwenye folda za watu. Alikana, akasema hajawahi kugusa folda ya mtu, lakini nani angeamini kwamba kuna kitu Kidole hajakigusa? Mwalimu mkuu alimfukuza chumba cha kompyuta na kumwagiza aje na bibi yake anayemlea, ili aelezwe kwamba mjukuu wake anaharibu kazi za wenzake. Huenda asiruhusiwe tena kuingia humo mpaka amalize shule.

Jioni hiyo Fagio na Kidole walitembea pamoja kwenda nyumbani kama kawaida yao. 

"Lakini kobe ni wako," Fagio alisema.

 Kidole alivuka barabara akaendelea na safari upande wa pili, peke yake.

Jambo hilo lilimkaa Fagio rohoni. Alipofika nyumbani alimkuta Mama kwenye cherehani yake, akishona sare za watoto wa jirani, akamwomba simu ampigie Dada. Alitaka kujua ni kwa njia gani mtu anaweza kuingia kwenye folda ya mwenzake. Dada alisema haiwezekani. Sehemu hiyo aliifunga vizuri, hata yeye mwenyewe asingeweza kupenya. Kisha akauliza kobe hutokea saa ngapi. Fagio alifikiri kidogo, akajibu kwamba hutokea kengele ikishalia, watu wote wakihifadhi.



"Ile sehemu ya kusubiri bado ipo?" Dada aliuliza.

"Niliifuta. Haikuwa na kazi."

"Nani alikwambia haina kazi?"

"Niliijaribu, Dada. Bila hiyo ilikwenda upesi zaidi."

"Uliijaribu na nani?"

"Peke yangu."

Dada alishusha pumzi. "Mdogo wangu, ukipita mlangoni peke yako utajuaje kama watu wawili wanaenea?"

Akamweleza. Kila kazi inayohifadhiwa hutua kwanza mahali pamoja pa muda ndani ya seva, kisha hubebwa hadi kwenye folda ya mwenyewe. Ile mistari ilikuwa foleni. Wa pili alingoja wa kwanza abebe mzigo wake kwanza. Bila foleni, kazi ya mmoja ilitua juu ya kazi ya mwingine, na seva ikabeba ilichokikuta. Na ikiwa darasani kuna mtu anayehifadhi kila mara bila kuchoka, basi kazi yake ndiyo itakayoangukia kwenye folda za wengi.

"Na mimi nina kosa," Dada aliongeza. "Niliweka mistari ile nikajua sababu yake, nisiwaandikie wanaokuja nyuma yangu. Irudishe tu, yataisha."

Fagio aliirudisha simu mezani, na hapo ndipo shetani alipomkalia begani. Irudishe tu, yataisha. Kweli, yangeisha. Angefika shuleni mapema, arudishe mistari, na kobe asingeonekana tena. Lakini watu wangesema nini? Wangesema, mmeona, tangu Kidole atolewe mambo yametengemaa. Kurekebisha kwake kimya kimya kungekuwa ushahidi wa mwisho dhidi ya rafiki yake. Na yeye angebaki Fagio, mtunza seva, aliyeokoa kazi za shule. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na huu alikuwa ameutega yeye mwenyewe.

Mama alikuwa ameacha kukanyaga cherehani muda mrefu. Fagio alimsimulia yote, mpaka lile la kutomwonyesha mwalimu. Mama hakufoka.

"Kesho bibi yake yule mtoto ataketishwa kwenye kiti aambiwe amelea mharibifu," alisema. "Wewe wakati huo utakuwa wapi?"

Fagio aliona aibu, akalia. Alipomaliza kulia alinawa uso, na alikuwa ameshajua atakuwa wapi.

Asubuhi alimsubiri mwalimu wa kompyuta mlangoni. Alimwambia alichofuta, siku aliyofuta na kwamba hakumwonyesha. Mwalimu alikunja uso, akamuuliza kama ameshairudisha mistari. Fagio alisema hapana, kwa makusudi, kwa sababu ingerudi kabla watu hawajaona, wangemwamini nani? Mwalimu akaenda kumwita mwalimu mkuu.

Bibi alikuwa ameshafika, amevaa nguo zake za heshima, mkoba ameukumbatia. Fagio alimwamkia, "Shikamoo, Bibi," na Bibi akaitikia kwa sauti ya chini. Kidole alisimama mlangoni mikono nyuma, mbali na kila kitu kinachobonyezeka. Wanafunzi walikaa kwenye kompyuta, kila mmoja akaandika alichotaka. Fagio alisimama mbele yao.

"Kidole hajagusa kitu leo, mmemwona," alisema. "Mwalimu akisema, hifadhini wote kwa pamoja."

Mwalimu alisema, na wakabonyeza. Kisha akawaambia wafungue folda zao. Minong'ono ikaanza kona hadi kona. Aliyeandika shairi alikuta orodha ya wachezaji wa mpira. Aliyeandika orodha hiyo alikuta nusu ya barua ya mtu. Kobe hakuwepo popote.

"Kosa ni langu," Fagio alisema. Sauti yake ilisikika mpaka nyuma. "Nilifuta foleni ya seva nikidhani haina kazi, wala sikumuuliza mwalimu. Kidole hakuharibu kazi ya mtu. Nisamehe, Kidole. Hata mimi nilikushuku."

Mwalimu mkuu alikohoa, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha, mbele ya darasa zima, alimwomba radhi Kidole, akamwomba radhi na Bibi.  Bibi alimwita mjukuu wake, akamshika mkono na kumketisha yeye mwenyewe kwenye kompyuta iliyokuwa wazi.

Baada ya hapo ikawa kazi. Fagio alirudisha mistari, mwalimu akiwa kando yake safari hii, akiisoma mmoja mmoja. Ilipokwisha, Fagio hakuijaribu peke yake. Alimwomba Kidole ahifadhi kwa namna anavyojua yeye, na darasa zima lihifadhi naye. Kidole alibonyeza kama mtu anayetwanga, wengine wakacheka wakaungana naye. Wakafungua folda. Kila insha ilikuwa kwa mwenyewe, kila hesabu kamili, na kobe na kofia yake alikuwa mahali pamoja tu, nyumbani kwake. Darasa lilipiga makofi, na Kidole akamsogezea Fagio nafasi kwenye benchi.

Kazi nyingi zilizoharibika zilipatikana kwenye nakala za akiba, lakini si zote. Kwa siku zilizofuata Fagio alikaa na waliopoteza, mmoja baada ya mwingine, akiwasaidia kuchapa upya. Hakuna aliyemlazimisha. Na juu ya mistari ile, ndani ya msimbo, aliandika maelezo kwa lugha ambayo hata mwanafunzi mpya angeielewa. Mwalimu alimwita mbele ya darasa ayasome.

"Hii ni foleni," Fagio alisoma. "Wawili wakihifadhi kwa pamoja, mmoja asubiri. Niliwahi kuifuta, na rafiki yangu akalaumiwa bure. Ukitaka kuibadilisha, uliza kwanza, kisha ijaribu na darasa zima, na usimsahau Kidole."

Wanafunzi walicheka, na Kidole akainama kama mchezaji aliyefunga bao. Fagio alimnyooshea mwalimu ufunguo wa wavu wa seva, aliokabidhiwa alipoanza kazi ile. Alikuwa amejiandaa kuurudisha tangu siku ile, na aliona ni haki.

Mwalimu hakuupokea.

"Sikilizeni nyote," alisema. "Kusafisha ni kazi nzuri, lakini kitu usichokijua usikiite takataka. Uliza kwanza kilikuwa kinamfanyia nani kazi, na kuuliza si ujinga. Hilo Fagio amejifunza, na mimi nimejifunza nisitoke kwenda kikaoni na kuacha seva bila mwangalizi. Lakini kuna jingine. Mtoto huyu angeweza kuirudisha mistari yake asubuhi ile kabla hatujafika. Seva ingepona, sisi tungemshukuru, na mwenzake angebaki mharibifu katika vinywa vyetu mpaka leo. Akachagua kusimama hapa mbele yetu na kusema ni yeye. Mtu anayejua kurekebisha mashine nitampata. Anayeirekebisha mashine na jina la mwenzake kwa pamoja, huyo najivunia kumfundisha."

Akakifunga kiganja cha Fagio juu ya ufunguo, akamwambia arudi akakae.