Vifungo vya Koti

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, hana simile na mbawakawa. Mvua za kwanza zikinyesha tu, wanajaa kwenye chumba chake cha kazi.

"Nimekwambia mara ngapi ufunge dirisha kabla ya kuwasha taa?" alimfokea mumewe jioni ile. "Wakilichafua koti la mteja, utalilipa wewe?"

"Wadudu tu hao, mama watoto. Msimu utapita."

"Upite na wewe!"

Koti lenyewe lilining'inia msumarini, tupu, matundu yamekatwa lakini halijatiwa kifungo hata kimoja. Alama za chaki tu zilionyesha vifungo vitakapokaa. Fundi akazima taa ili wadudu waifuate ya barabarani, akasimama gizani, kandambili mkononi, akihema kwa hasira. Walivuma, wakajigonga ukutani, kisha kimya.

Tak. Mlio ulitoka pale msumarini. Tak, chini kidogo. Tak, chini zaidi.

"Leo mtanitambua!" Akawasha taa.

Mbawakawa walikuwa wamejipanga, mmoja kwenye kila alama ya chaki, kila mmoja amepenya tundu lake la kifungo. Koti lilikuwa limefungwa mpaka shingoni, na kifua chake kimejaa.